Wamechukua Gurudumu, Wakaacha Baiskeli

Tunduma, mkesha wa safari yako

Atupele mwanangu,

Begi ni zito. Najua alfajiri utalinyanyua, utaguna, kisha utaanza kutafuta cha kupunguza. Usipunguze hata kimoja. Maharage ni yako, mchele ni wako, na vile viazi vya bibi yako wa Ibaba nimeviweka chini kabisa kwa makusudi, usivifikie bila kutoa nguo zote. Mengine sitakuelekeza. Kufua unajua, kupika unajua, na mwanaume mwongo unamtambua kabla hajamaliza salamu. Barua hii siyo ya hayo.

Naandika kwa sababu nina hasira. Baba yako ndiye aliyeniambia, "Mama Atu, andika. Ukisema kwa mdomo utaamsha mtaa mzima." Mwenyewe kashalala, na anavyokoroma ungedhani ni yeye aliyekimbia. Kwa hiyo nimekaa kwenye kaunta ya duka, katikati ya boksi la spoku na boksi la breki, naandika, na kalamu inatoboa karatasi. Hasira yangu ina watu wengi ndani yake, Atu. Na wewe umo.

Nianze na yule bwana wa kofia aliyekuja kukuchagua. Hukuwepo siku ile, ulikuwa kisimani. Aliingia dukani akasimama kati ya matairi kama mtu anayeogopa kuchafuka.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye mzazi wa yule binti aliyekimbia kule Igamba?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Binti yako ana kipaji. Tunamtaka kambini."

"Karibuni. Na wenzake?"

"Wenzake gani?"

"Aliyempokeza na aliyempokea. Walikuwa watatu, baba, ulikuwepo ukaona."

Akacheka. "Mama, sisi tunatafuta vipaji. Hatutafuti timu."

Nikamwambia, "Mimi nauza spea. Mteja akija kuniomba gurudumu moja, namuuliza baiskeli yake iko wapi. Ya kwako iko wapi?"

Alicheka zaidi, akadhani namfanyia utani, akaandika jina lako. Na Lugano, wa baiskeli wetu, alikuwa palepale, ameinama, anajaza upepo tairi la mteja. Hakuinua kichwa. Pampu ikaendelea, fyu, fyu, fyu, mpaka nikaogopa tairi litapasuka.

Sikukataa uende. Nimekubali, nimetia sahihi, nimefunga begi. Nafasi kama hii mimi sikuipata, na mtoto wangu akiipata siwezi kukaa mlangoni kama ng'ombe aliyeziba njia. Ila usifike huko ukaamini hesabu ya yule bwana, kwamba ulifika pale kwa miguu yako miwili. Ilikuwa miguu sita na mikono sita, na saa nilikuwa naishika mimi.

Unakumbuka tangazo lilipotoka, watu walivyotucheka? Mbio za kupokezana, michezo mitatu: mmoja aogelee kwenye bwawa la shamba la kahawa, ampokeze mkimbiaji, mkimbiaji apite njia za mashambani, ampokeze wa baiskeli, wa baiskeli amalizie kwa kupanda kilima mpaka uwanjani. Yule jirani yetu wa mashine ya kusaga akapita kila asubuhi kuniuliza, "Mama Spea, Tunduma ina malori, haina maji. Nani ataogelea? Matairi ndiyo yataelea?" Nikamjibu kwamba tairi lenye upepo linaelea kuliko kichwa chake. Lakini moyoni nilijua ana hoja. Mkimbiaji nilikuwa naye. Wa baiskeli nilikuwa naye. Muogeleaji sikuwa naye.

Wa kwanza alijigamba ameishi Kyela na ziwa lote analijua. Tulipomtia majini alikwenda vizuri mpaka ulipomwona Lugano anacheka; kumbe kijana alikuwa akitembea chini, mikono ndiyo inaogelea. Wa pili alilia baridi. Nikawatoa wote wawili katika wiki moja, wala sikuwaaga vizuri. Kwangu ilikuwa kama kutoa breki iliyokwisha: unaifungua, unaitupa kwenye ndoo, unachukua nyingine ukutani. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Ndipo akaja Kulwa. Shangazi yake, yule muuza samaki wakavu wa sokoni, alisema ana mtoto wa kaka yake anayejua maji. Watu wao ni wafugaji, walihamia kule bondeni Momba na ng'ombe wao. Nilimuuliza binti, "Ulijifunzia wapi kuogelea?" Akajibu bila kucheka, "Kwa kushika mkia wa ng'ombe, mama, tukivuka mto. Siku moja ng'ombe akanikataa." Nikadhani ananitania. Akaingia majini kimya, na maji yenyewe hayakupiga kelele. Nikatazama saa, nikatazama tena, nikafikiri imesimama.

Kwa shangazi yake ni mbali na barabara tuliyofanyia mazoezi, kwa hiyo ulimwambia mwenyewe, "Hamia kwetu." Mkalala kitanda kimoja. Mkaazimana sketi, mkasukana, mkawa mnacheka usiku mpaka baba yako anagonga ukuta. Nilikuwa nalalamika, lakini nilipenda. Nyumba ya mtoto mmoja ina ukimya wake, na ule ukimya ulikuwa umeondoka.

Lugano naye alitutoa jasho. Watu wote walisema huyu kashinda kabla ya kuanza, kijana anayevusha mpakani magunia ya sabuni na unga kila siku kwa baiskeli. Tukamtolea mzigo, tukamwambia ruka uende. Akaanguka. Akapanda, akaanguka upande wa pili. Baiskeli tupu ilikuwa inamkimbia! Mwili wake umezoea kushindana na gunia. Gunia lisipokuwepo, mikono inavuta mahali ambapo hakuna kitu. Ninyi mlicheka mpaka mkakaa chini. Mimi nikaenda nyuma nikajaza mfuko mchanga, nikaufunga kwenye keria, akaenda mnyoofu kama uzi. Basi kila wiki nikawa namtoa mchanga kidogo, bakuli kwa bakuli, asijue nimetoa kiasi gani. Mteja mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alisimama akatutazama, akatupongeza kazi kwa Kibemba, "Mayo, mwabombeni mukwai! Huku kwenu mchanga nao unapelekwa sokoni?" Nikamwambia huu mchanga unafundisha mtu kuwa mwepesi, na hilo halinunuliki hata kwao.

Halafu lile lililoninyima usingizi. Kila wiki Kulwa alikuwa anapungua muda. Wewe ulikuwa unapungua. Lugano alikuwa anapungua. Na timu ilikuwa palepale. Nilidhani nimekosea kujumlisha, mimi ambaye najumlisha bei za spea kumi na mbili huku nikigombana na mteja. Nikarudia. Nikampima kila mtu peke yake, nikajumlisha, nikawapima pamoja: hesabu mbili tofauti, na ya pamoja ndiyo kubwa. Muda ulikuwa unavuja, na ulikuwa unavujia mikononi. Kulwa anatoka majini, wewe unamsubiri umesimama kama mtu wa foleni, anatafuta mkono wako, unatafuta wake, mnapeana ile pete ya mpira niliyokata kwenye tyubu, inakwama kwenye vidole vilivyolowa. Mtu angeweza kumenya ndizi hapo. Kisha ndizi ya pili kwa Lugano.

Watu watatu wenye kasi, ukiwajumlisha, hupati timu yenye kasi. Hilo nililipata nikiwa na umri huu, kwa kushika saa, wala hakuna aliyenifundisha. Ndiyo maana tuliacha kukimbia wiki mbili nzima tukawa tunapeana mpira tu, hapo uani, mpaka kuku wakaacha kutukimbia. Na aliyepata dawa hakuwa mimi. Alikuwa Kulwa. Aliitanua pete kwa vidole vyote, akaishika wazi mbele yake kama bangili, akakwambia, "Atu, usinitazame. Wewe nenda, nyoosha mkono nyuma, mimi nitakuvika." Hukuamini. Ulijaribu ukageuka. Ukajaribu tena ukageuka. Siku uliyoondoka bila kugeuka, ukahisi mpira umefika kwenye kifundo cha mkono wako nawe tayari uko mbioni, ulipiga yowe, mashine ya jirani ikazimwa watu waje watazame nani amekufa.

Lile ndilo alilokuja kulitazama yule bwana wa kofia kule Igamba. Alidhani anatazama miguu yako.

Sasa nije kwenye kilima, maana hapo ndipo moto ulipo.

Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakupeleka Ibaba kila mavuno. Umeona viazi vinavyopandishwa kwa baiskeli mpaka barabara ya gari. Umeona kwamba kule, ukikutana na mzigo unapanda, hupiti. Unaweka mkono kwenye gunia, unasukuma mpaka juu, halafu kila mtu na njia yake. Huulizwi jina, huombwi, hushukuriwi kwa maneno mengi. Aliyepita mzigo unapanda bila kuugusa, habari yake ilitembea mpaka kwenye msiba wa mama yake: "Huyu ndiye yule." Mimi nilishuka Tunduma kwa njia hiyohiyo, na baiskeli ya kuazima na viazi vya mama. Nimezoea kuwaambia watu nimejijenga mwenyewe. Umenisikia nikisema hivyo kwa majirani, kwa wateja, hata kwa baba yako tukigombana. Nikifikiria milima iliyopo kati ya Ibaba na hapa, na mikono iliyokuwa nyuma ya lile gunia ambayo hata sura zake sikuziona kwa sababu nilikuwa nimeinama, naona aibu kidogo. Kidogo tu. Duka nalo lina jasho langu.

Tulipompeleka Lugano Ibaba kuzoea kupanda, Kulwa alikuja nasi. Bondeni kwao hakuna milima. Siku ya kwanza alikutana na mzee wa watu anapandisha gunia, akamsalimia kwa adabu zote, akapita. Bibi yako alimwita toka shambani, "Wewe mtoto! Mkono wako unauma?"

"Hapana, bibi."

"Basi umeuacha wapi?"

Kulwa akarudi mbio akasukuma. Toka siku hiyo hakuna mzigo uliompita pale. Akawa anasukuma hata wasiohitaji, Lugano akimtania, "Kabila halidanganyi, Msukuma kazi yako imeonekana," naye anamjibu, "Nanyi Wandali mngekuwa na akili mngehamia tambarare." Ndiyo furaha tuliyokuwa nayo.

Siku ya mbio, bwawa lilikuwa limejaa magugu upande mmoja, na Kulwa kura ilimtupa upande huo. Alitoka majini wa tano, na shingoni ana majani kama ng'ombe aliyevunja uzio. Hukugeuka. Alikuvika mpira ukiwa mbioni, ukawapita wawili kwenye miti ya kahawa na mmoja kwenye daraja la miti. Lugano akapokea akiwa wa pili. Wa kwanza alikuwa yule kijana mwenye baiskeli nyembamba kama panzi, na mbele yake pikipiki ya watu wao, inamkata upepo na kumpa maji. Nilipiga kelele kwa mwamuzi. Mwamuzi alikuwa anatazama kilima.

Na kilimani Lugano akaanza kuyumba. Wewe hukuona, ulikuwa umelala kwenye majani unatafuta pumzi. Mimi niliona. Aliyumba kushoto, akayumba kulia, kama siku ile ya kwanza, anashindana na gunia ambalo halipo. Na Kulwa, peku, nguo zinachuruzika, alikuwa amekatiza shamba la kahawa kuja kumshangilia. Sheria tulisomewa asubuhi: ukishapokeza, humgusi mwenzako. Aliijua. Kilichojua ni kichwa. Mkono ulikwenda kwenye keria, akasukuma hatua chache, akakumbuka, akautoa kama aliyeshika jungu la moto. Bendera ya mwamuzi ikawa imeshapanda, tumeondolewa.

Nilikwenda kwa yule mwamuzi. Ulinivuta gauni, lakini nilikwenda.

"Na pikipiki je?"

"Mama, pikipiki haikumgusa mtu."

"Kwa hiyo aliyesaidiwa kwa injini ameshinda, na aliyesaidiwa kwa mkono ameondolewa?"

"Sheria inasema kugusa, mama."

Ni kweli, sheria inasema kugusa. Nimeisoma tena na tena tangu siku ile nikitafuta pa kupenya, na hakuna. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote: alikuwa sahihi, na bado ilikuwa ni dhuluma. Mambo ya namna hiyo utayakuta huko uendako, na sina dawa yake. Ningekuwa nayo ningeiuza.

Lakini mwamuzi simjui, hakula kwangu. Wewe umekula kwangu.

Tulikuwa nyuma ya pikapu, tunarudi. Lugano akajaribu kutuchekesha, masikini, akasema, "Kulwa, leo umethibitisha kabila." Hakuna aliyecheka. Na wewe ukasema, unatazama barabara, "Tungeshinda kama majini tungekuwa na mtu wa maana." Kulwa alikuwa amekaa umbali wa goti moja. Hukupaza sauti, ndiyo maana lilifika vizuri.

Ulipofika nyumbani ulitoa nguo zake kwenye sanduku, ukazikunja, ukazitia kwenye mfuko wa rambo, ukauweka mlangoni. Ulizikunja vizuri, hilo nililiona. Aliuona. Alikuja kaunta hapa, akapiga goti, "Asante mama kwa kunilea," akaubeba. Na mimi nikamjibu, "Haya." Neno moja! Nami nilikuwa na hasira naye jioni ile, nilikuwa nahesabu ile nafasi ya kwanza iliyoponyoka. Nilimwacha mtoto wa watu aondoke giza linaingia, kama breki iliyokwisha.

Hasira yangu kwako, Atu, ina kitu kibaya ndani yake. Uliposema lile neno kwenye pikapu, nilisikia sauti yangu. Ni mimi niliyekuwa nasema uani, "Anayechelewa nabadilisha." Nilisema mara nyingi, mkazoea, mkawa mnaniigiza mkicheka. Wewe lilikupita kwa sababu ni mwanangu, nani angekubadilisha? Lugano lilimpita kwa sababu hana wa kumlinganisha naye hapa mjini. Lilimwangukia Kulwa peke yake, aliyekuja wa tatu baada ya wawili niliowatupa kwenye ndoo. Na jioni ya mwisho kabla ya mbio nilimwita pembeni nikamwambia, nikidhani namtia nguvu, "Pengo lolote utakaloacha majini, wenzako ndio watakaolilipa kilimani."

Sasa jumlisha mwenyewe. Mtoto ameambiwa hivyo. Magugu yamemkamata, ametoka wa tano. Amekimbia peku mpaka kilimani, na anamwona mwenzake analilipa lile pengo, anayumba. Ulitaka mkono wake uende wapi?

Nimeuza spea miaka mingi, Atu, na nimepata riziki yangu kwa kujua kwamba kila kitu kina kingine cha kuweka mahali pake. Ukikaa na kazi inakuingia. Nilianza kuwatazama watu nikitafuta saizi. Ile bangili ya mpira aliyoibuni yule binti, kwenye ukuta wangu hakuna ndoano yenye nyingine. Hilo nililijua kwa saa, nilikuwa nalisoma kila siku uani, na bado nilimtisha. Huko kambini nao watakuwa na ukuta wao, na wewe utakuwa umetundikwa pamoja na wengine. Watakwambia unayelala naye kitanda cha jirani ni mshindani wako. Huenda ni kweli. Mimi sijawahi kukaa kambini, siwezi kubisha.

Jana nilikwenda sokoni. Sikukwambia. Kulwa alikuwa anageuza samaki wa shangazi yake juani. Alinisalimia, akanipa kigoda, akaendelea kugeuza. Nikasema nililokwenda kusema, kwamba maneno ya ile jioni yalikuwa ya kwangu na hayakuwa ya haki. Siyo kazi rahisi kumwambia hivyo mtoto aliye sawa na wako, katikati ya soko, wanawake wote wametega masikio.

"Mama, mkono ulikwenda wenyewe," akasema.

"Najua."

"Ningepita pale leo, ungekwenda tena."

Alisema hivyo ananitazama usoni, ana hasira, na hasira yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nikanunua samaki, ndio hao waliomo kwenye begi, kwenye karatasi ya khaki, usije ukauliza wametoka wapi.

Nilipoinuka akaniuliza, "Atu anaondoka lini?"

"Keshokutwa alfajiri. Lugano ndiye atakayembebea mzigo mpaka barabara kuu."

"Begi zito?"

"Sana."

Akageuza samaki mmoja, kisha wa pili. "Haya," akasema.

Kwa hiyo kesho itakuwa hivi. Lugano atafika jogoo wa kwanza akiwika. Begi litafungwa kwenye keria kwa mipira ya tyubu, na ile pete yetu nimeivika kwenye kishikio cha begi, siyo ya kuchezea. Unakijua kile kilima cha kwenye mashine ya kusaga. Njia nyingine ya kufika barabarani hakuna. Mimi sitakusindikiza. Tutaagana hapa mlangoni kama watu wazima, maana nikija nitasukuma mimi, nawe utatembea pembeni umebeba mkoba wako mdogo, na kilima kitaisha bila kazi yoyote kufanyika.

Begi nimelipima kwa mizani ya dukani, nikaongeza maharage, nikapima, nikaongeza viazi. Jioni, ulipokwenda kuwaaga kina mama wa kanisani, tulifanya majaribio. Lugano peke yake hakufika hata kwenye nyumba ya fundi cherehani. Nikamweka baba yako nyuma asukume. Wakakwama kwenye mashine, baba yako akakaa chini akaniuliza nimemkosea nini. Anayesukuma mmoja hatoshi, Atu. Wawili wanafika, na nguvu ya kucheka inabaki.

Lugano ananiambia Kulwa huwa anashika keria upande wa kushoto. Kulia pako wazi. Na mwenye bendera hatakuwepo.

Mimi nitakuwa hapa mlangoni. Kwa giza la alfajiri sitawaona mkipanda, lakini ile baiskeli naijua sauti yake ikipanda na sauti yake ikikwama.

Mama yako